Mabomba ya Plastiki na Majitaka ya Mijini
Katika ujenzi wa miji kama Dar es Salaam, mabomba ya PVC, yaani plastiki ngumu isiyoshika kutu, hupendelewa kwa sababu ni mepesi na ndani yake ni laini, hivyo uchafu haugandi kwa urahisi. Bomba la choo, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 110, hulazwa kwa mteremko wa takriban sentimita 1 kwa kila sentimita 40, huku kipande kilichopinda chini ya sinki kikibakiza maji yanayozuia harufu kuingia ndani. Hata hivyo, jua kali hudhoofisha plastiki hiyo na mawe huweza kuipasua. Kwa hiyo bomba lilazwe juu ya mchanga, lifukiwe vizuri, na chemba ya ukaguzi ijengwe kila linapopinda.