Programu Ilivyovunja Jenereta

Machi 2007, wataalamu wa Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, waliharibu kwa makusudi jenereta ya dizeli yenye uzito wa tani 27. Hakuna aliyeshika nyundo. Walituma mistari michache ya programu kwenye rilei, kile kifaa kinacholinda mashine kwa kuamua lini iunganishwe na gridi na lini ikatwe.

Umeme wa gridi una mapigo: Marekani 60 kwa sekunde, kwetu Tanzania na Kenya 50. Kila jenereta iliyounganishwa hulazimika kuzunguka kwa kufuata mapigo hayo. Programu ile iliikata jenereta kwa muda mfupi tu, ikaiacha itangulie kidogo, kisha ikaiunganisha tena ghafla. Gridi ina nguvu kuliko mashine yoyote moja, hivyo ikairudisha kwenye mwendo wake kwa kishindo. Wakarudia. Vipande vya mpira wa kiungio kati ya injini na jenereta vikaruka, mashine ikatetemeka, moshi mweusi ukatoka.

Kuvunjika huko kwa mashine yenyewe ndiko kunakonitia hofu. Umeme ukikatika kwa saa chache, tunawasha taa ya chaji na kusubiri. Lakini jenereta kubwa au transfoma ya msongo mkubwa ikivunjika, nyingine huagizwa kiwandani na yaweza kuchukua miezi mingi kufika, huku wodi ya watoto njiti ikihitaji umeme usiku huohuo.

Kinga zipo. Rilei inaweza kupangwa ikatae kuunganisha mashine ambayo mapigo yake hayajalingana na ya gridi. Kompyuta za barua pepe zitengwe na zile zinazoendesha vituo.

Ukraine ilijifunza umuhimu wa kinga hii ya pili kwa uchungu. Wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za kampuni za umeme kupitia viambatisho vya barua pepe, wakakaa humo kwa miezi wakijifunza mfumo. Tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji waliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe, kikikata umeme kituo baada ya kituo. Wateja wapatao 225,000 walibaki gizani. Mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kurudisha umeme kwa mkono ndani ya saa chache. Waliweza kwa sababu swichi za mkono bado zilikuwepo, na wao walijua kuzitumia. Nasi tunapohamishia vituo vyetu kwenye kompyuta, naomba swichi hizo zising'olewe.