PLAYSTATION AU KOMPYUTA? MUULIZE MWENYE SEBULE!

Haya vijana wa Arusha, kuanzia Sakina mpaka Njiro, na nyie wa Sekei mnaofungua dirisha Mlima Meru huo hapo, leo tumalize ubishi. Kila kijiwe ninachopita hoja ni ileile: mtu kashika mshiko wake, anataka gemu sebuleni, sasa achukue PlayStation au kompyuta? Wa kompyuta anajigamba mashine yake ina nguvu. Wa PlayStation anajibu yake haina longolongo. Mimi nasema wote wamemsahau mwenye kauli, nayo ni sebule yenyewe.

Sebule ya kwetu si gheto lako, bwana. Saa mbili usiku ni ya mshua na taarifa ya habari. Baada ya hapo ni ya bi mkubwa na tamthilia. Mgeni kutoka Babati akishuka na begi lake, kochi ni lake. Tena vitu hivi vyote ni vigeni kwetu Bara: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na vituo vya televisheni tulianza kuviona 1994, wenzetu Zanzibar wakiwa na chao tangu miaka ya 1970. Leo tivii ipo, lakini nyumba nyingi ni moja tu, inagombewa na wote.

Tuanze na PlayStation. Unachomeka, unashika pedi, mpira unaanza. Mdogo wako wa darasa la nne haitaji kufundishwa, na pengine atakufunga. Halafu kuna CD: ukiichoka unabadilishana na mshkaji wa Kaloleni, au unaiuza. Ila fungua macho dukani! PS5 ya Digital haina pa kuingizia CD, na PS5 Pro iliyotoka 2024 nayo ni hivyohivyo, mpaka ununue kifaa chake pembeni. Bila hicho gemu zote unapakua, na gemu moja inaweza kupita GB 100. Piga hesabu ya bando uone kama hutatoka jasho kwenye baridi ya Julai.

Kompyuta nayo isikudanganye. Gemu zake mpya karibu zote ni za kupakua, na kompyuta ya ofisi ya mtumba isiyo na kadi ya grafiki itakwama kwenye gemu nzito. Yenye kadi ya maana bei yake inauma, na inakula umeme. PS5 kwenye gemu nzito inakula karibu wati 200, yaani saa tano kwa yuniti moja ya Luku. Kompyuta ya wati 400 inamaliza yuniti hiyo kwa saa mbili na nusu. Kama Luku ananunua bi mkubwa, jiandae kwa maswali.

Lakini kompyuta ina jambo moja ambalo PlayStation hailiwezi: gemu likiisha, inafanya kazi. Siku hizi kuomba mkopo wa chuo HESLB ni kwa mtandao, kuomba kazi serikalini ni kwa mtandao. Mechi ya mpira unaweza kwenda kulipia kwenye banda la gemu mtaani. Fomu ya mkopo usiku wa siku ya mwisho, steshenari zimefunga, utaijazia wapi? Hapo ndipo mtu anapokosa mwaka mzima, si mechi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama nyumbani hakuna kompyuta na kuna mtu anamaliza Kidato cha Sita au anasaka ajira, nunua kompyuta, hata ya kawaida. Iunganishe na tivii kwa waya wa HDMI, tafuta pedi mbili, gemu za mpira za zamani zitacheza. Kama kompyuta ipo tayari, chukua PS4 iliyotumika yenye sehemu ya CD. EA Sports FC 25 ya mwaka 2024 bado ilitolewa kwa PS4, kwa hiyo haijazeeka hivyo.

Na kabla hujatoa pesa, kakae na mshua mkubaliane nani anashika rimoti saa ngapi. Ukishindwa hapo, hata ungenunua mashine ya dhahabu, utaishia kuifuta vumbi.