Kwepena: Aliyetolewa wa Kwanza Akae Wapi?

Jua la alasiri lipunguapo ukali, viwanja vya Buwenge, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, hujaa sauti za wasichana. Wawili husimama wakielekeana kwa mbali, na kundi la wenzao hukaa katikati. Mpira hurushwa, apigwaye hutoka. Mchezo huo huitwa kwepena, na askari aliyezoea Kiswahili cha kambini hahitaji mkalimani, kwani jina hilo ni ndugu wa neno kukwepa. Nchini Kenya mchezo wa namna hiyo huitwa kati. Tanzania huitwa rede, na huko aliye katikati mara nyingi hujaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira, kazi ambayo wanaume wengi wangeishindwa.

Mpira wenyewe hauna gharama. Hufungwa kwa magamba makavu ya mgomba, matambara, au mifuko ya plastiki iliyoviringishwa na kukazwa kwa kamba. Yafaa mama aubonyeze kwa vidole kabla haujatoka nyumbani, maana wako watoto wapendao kuficha jiwe ndani ili uende mbali, na jiwe hilo laweza kumharibu mwenzao jicho. Kadhalika, wapatane mapema kwamba shabaha ni kuanzia mabegani kwenda chini.

Lakini jambo lisiloangaliwa sana ni hali ya yule aliyetolewa wa kwanza. Aghalabu ni mdogo kuliko wote, au mzito wa miguu, au mgeni ambaye baba yake amehamishiwa Jinja au Mbale juzijuzi, naye bado hajaijua mikono ya warushaji. Huyo ndiye ahitajiye mazoezi zaidi, na ndiye apataye machache. Mwepesi hucheza robo saa. Mzito huchezea mrusho mmoja tu, kisha huketi chini ya mwembe akichora mchanga kwa kijiti. Yakimpata hayo siku tatu mfululizo, siku ya nne husema anaumwa tumbo.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Tangu Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi isiyo na ada mwaka 1997, madarasa mengi yamefurika, na pale penye mpira mmoja, walio nje huwapita kwa wingi walio ndani.

Watengenezaji wa michezo ya video nao wamekutana na tatizo hilo. Katika Mario Party, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1998, wachezaji wanne hushindana katika michezo midogo midogo, na katika baadhi yake anayesalia peke yake ndiye mshindi. Dawa yao ni ufupi: mchezo mdogo huisha upesi, na aliyetolewa hurudi katika unaofuata.

Watoto wa kwepena wanayo dawa iliyo bora, nayo ni kuokoana. Makundi mengine hukubaliana kwamba aliyesalia wa mwisho akikwepa idadi fulani ya mirusho, tuseme kumi, wenzake wote hurejea uwanjani. Hapo hakuna anayeketi. Waliotolewa husimama pembeni wakihesabu kwa sauti moja, na yule mdogo aliyetoka kwanza ndiye apigaye kelele kuliko wote, kwa kuwa bahati yake imo miguuni mwa mwenzake.

Mzazi au mwalimu akiona watoto hawaijui kanuni hiyo, awafundishe. Wa miaka saba watoshwe na mirusho mitano. Wa miaka kumi na miwili wapewe kumi au zaidi. Na akifika mgeni, aanzie upande wa kurusha. Mrushaji hatolewi, naye hulazimika kuwatazama wote mmoja mmoja; zamu yake ya kuingia katikati ifikapo, atakuwa amekwisha kujua nani hurusha chini na nani hudanganya kwa mkono wa kushoto.