Antibiotiki: Makundi, Utendaji na Madhara Yake

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Kwa virusi hazifui dafu, ndiyo maana hazitibu mafua wala surua. Bakteria ana sehemu ambazo seli ya binadamu haina, au anazo zenye umbo tofauti. Kila kundi la antibiotiki hulenga mojawapo ya sehemu hizo, na kila kundi lina madhara yake.

Kundi linalotumika zaidi ni la beta-laktamu. Humo mna penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, pamoja na jamaa zake ampisilini na amoksilini. Mna pia sefalosporini, kama vile seftriaksoni, sindano ya nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu ambao hujengwa upya kadiri wanavyokua. Beta-laktamu hunasa kimeng'enya kinachofunga nyuzi za ukuta huo. Ukuta hulegea, maji huingia, na bakteria hupasuka. Kwa kuwa seli ya binadamu haina ukuta, wajawazito wengi hupewa dawa hizi bila shida.

Tatizo lake kubwa ni mzio. Mara nyingi huishia kwenye vipele na muwasho, lakini kwa watu wachache uso na koo huvimba, pumzi hubana na shinikizo la damu hushuka dakika chache tu baada ya sindano. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo anapaswa kuitaja kila anapoandikiwa dawa.

Makundi mengine matatu hushambulia ribosomu, sehemu ya seli inayotengeneza protini. Aminoglikosidi, kama gentamisini, huifanya ribosomu ikosee na kutoa protini mbovu. Streptomisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943, ilikuwa antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Dawa hizi hazifyonzwi vizuri tumboni, hivyo hudungwa. Hujikusanya kwenye figo na sikio la ndani. Figo zilizodhurika mara nyingi hupona, lakini usikivu uliopotea kwa kawaida haurudi. Ndiyo sababu dozi hupimwa kwa uzito wa mgonjwa.

Tetrasiklini, ambamo doksisiklini inajulikana zaidi, hutibu magonjwa mengi, kikiwemo kipindupindu. Hujishikiza kwenye kalsiamu, kwa hiyo maziwa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Meno ya mtoto yanayokua nayo yana kalsiamu, na yanaweza kubaki na madoa ya kudumu. Kwa kawaida wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi. Kidonge cha doksisiklini kikimezwa kwa funda moja la maji, kisha mgonjwa akalala, huweza kunasa na kuunguza umio. Hunywewa kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa hukaa wima kwa muda.

Makrolidi, kama eritromisini na azithromisini, hufaa wenye mzio wa penisilini. Azithromisini imegawiwa kwa jamii nzima katika maeneo yenye trakoma, yakiwemo ya Tanzania. Huleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na mara chache huvuruga mapigo ya moyo.

Fluorokwinoloni, kama siprofloksasini, huzuia vimeng'enya vinavyokunjua DNA ya bakteria. Zinaweza kuvimbisha au kukata kano, hasa ile ya kisigino kwa wazee. Metronidazoli huharibu DNA ya amiba na ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Huacha ladha ya chuma mdomoni, na mgonjwa hushauriwa asinywe pombe. Kotrimoksazoli, maarufu kama Septrin, huzuia bakteria kujitengenezea foleti, ambayo binadamu huipata kwenye chakula. Waishio na virusi vya UKIMWI huitumia kama kinga. Akitokewa na malengelenge au vidonda mdomoni, mgonjwa aiache mara moja na kuwahi hospitali, kwani ngozi inaweza kuchubuka mwili mzima.

Karibu antibiotiki zote huua pia bakteria wenye manufaa, na hapo huja kuhara au fangasi wa mdomoni na ukeni.

Kila zinapotumika ovyo, bakteria wanaozimudu ndio wanaobaki na kuzaliana. Baadhi hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini, na ndiyo sababu amoksilini huchanganywa na asidi ya klavulani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibiotiki katika ngazi tatu: za kuanzia, kama amoksilini, za kutumiwa kwa uangalifu, kama seftriaksoni na siprofloksasini, na za akiba, kama kolistini, ambazo hutolewa pale tu nyingine zinaposhindwa.