Je, Wajua? Diski Ikianza Kugonga, Zima Kwanza

Picha za harusi, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, sauti ya bibi aliyetangulia: familia iliyohama kutoka Kigoma au Mombasa hadi Sutton Coldfield, kaskazini mwa Birmingham, yaweza kuwa imeviweka vyote ndani ya diski ngumu moja. Diski hiyo ikiharibika, mara nyingi data bado zimo. Huja kumalizwa na haraka za mwenyewe. Soma haya kabla hayajakufika.

NDANI YA DISKI

Je, wajua kwamba...

• Diski ngumu ya kwanza kuingia sokoni ilitengenezwa na IBM mwaka 1956? Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi zipatazo milioni 5. Leo picha moja ya simu yaweza kujaza nafasi hiyo.

• Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde? Kichwa cha kusomea hakigusi sahani; huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kichwa hicho, chembe ya vumbi ni jabali.

• Kinachokiwezesha kichwa hicho kuelea ni hewa? Ndiyo maana diski nyingi za kawaida zimewekewa kikomo cha mita 3,048 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kambi ya Mandara bado iko salama, lakini Horombo, kwenye mita 3,720, umeshavuka.

• Umeme ukikatika ghafla, mzunguko wa sahani wenyewe huzalisha umeme kidogo wa kukirudisha kichwa mahali pake pa kupumzikia? Diski hupona, ila faili lililokuwa likiandikwa wakati huo laweza kubaki nusu.

INAPOHARIBIKA

Je, wajua kwamba...

• Ule mlio wa tak, tak, tak ni wa kichwa kinachoshindwa kusoma, kinarudi mwanzo na kujaribu tena? Kikiwa kimeumia, kila jaribio laweza kukwangua tabaka la sumaku lenye data zako. Likishakuwa unga, hakuna programu wala fundi wa kulirudisha. Zima, chomoa, usiwashe tena "kuangalia tu".

• Kuiweka diski kwenye friji ni kuiongezea ugonjwa? Ikitolewa, unyevu wa hewani hugeuka matone juu ya sahani, na kichwa kikipita hapo hukwaruza.

• Diski iliyozama majini haifai kukaushwa kwa feni wala kufukiwa kwenye mchele? Maji yakikauka huacha chumvi na uchafu juu ya sahani. Ifunge kwenye mfuko ikiwa bado na unyevu, umpelekee mtaalamu.

• Kubadilisha bodi ya umeme iliyo chini ya diski peke yake hakutoshi kwa diski nyingi za kisasa? Bodi ina chipu yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, na fundi hulazimika kuihamishia kwenye bodi mpya. Diski ikihitaji kufunguliwa, ifunguliwe ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa vumbi, si mezani.

• Ukifuta faili, kinachoondoka kwanza ni anwani yake? Data hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo usisakinishe programu ya kuokoa data kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa.

• Diski za SSD, zisizo na sahani zinazozunguka, hazina huruma hiyo? Nyingi hupokea amri iitwayo TRIM, na faili lililofutwa laweza kusafishwa kabisa baada ya muda mfupi.

• Kwa diski inayosoma kwa shida lakini haigongi, ipo programu ya bure iitwayo ddrescue? Hunakili kwanza sehemu nzima, kisha ndipo hurudi kwenye zilizo mbovu, huku ikiandika ramani ya ilikofika. Ukisimama leo, kesho unaendelea palepale.

WALIOPONA NA WALIOKOSA

Je, wajua kwamba...

• Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika tarehe 1 Februari 2003, na diski yake moja ikaokotwa chini, imeungua? Wataalamu wa Kroll Ontrack walirudisha takribani asilimia 99 ya data, na jaribio la kisayansi juu ya gesi ya zenoni lililokuwa ndani yake likachapishwa mwaka 2008. Hakuna aliyekuwa ameiwasha ovyo.

• Filamu ya Toy Story 2 ilinusurika kwa nakala ya nyumbani? Amri ya kufuta ilipopitishwa kwa bahati mbaya mwaka 1998, nakala rudufu za ofisini zilikutwa na kasoro. Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani akiwa na mtoto mchanga, ndiye aliyekuwa na nakala iliyofaa.

• James Howells wa Newport, Wales, alianza kutafuta diski yake dampo mwaka 2013? Ilikuwa na ufunguo wa bitcoin zipatazo 8,000. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitupa madai yake ya kutaka kuchimbua. Unapopeleka kompyuta chakavu kituo cha taka cha Norris Way, Sutton Coldfield, toa diski kwanza.

• Mnara wa Sutton Coldfield, ulioanza kazi tarehe 17 Desemba 1949, ulikuwa wa kwanza wa televisheni ya BBC nje ya eneo la London? Vipindi vingi vya miaka hiyo vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa. Hivyo hakuna maabara itakayovirudisha.

KINGA

Je, wajua kwamba...

• Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa za onyo? Usingoje diski ikuage.

• Dhamana ya kawaida hukupa diski mpya, haikurudishii data?

• Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda data binafsi? Kabla ya kumkabidhi fundi diski, awe wa Birmingham, wa Luthuli jijini Nairobi au wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, muulize nani atayaona mafaili yako na nakala atazifuta lini.

• Kanuni inayopendekezwa sana ni 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani? Aliye Sutton Coldfield anaweza kumwachia dada yake aliye Tanga diski moja, na dada naye akaleta ya kwake.

• Tarehe 31 Machi ni Siku ya Nakala Rudufu Duniani? Usiingoje. Leo hii chukua nakala uliyo nayo, ifungue kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe picha zinaonekana.