Gari Lililoshushwa na Kamba ya Fundi

Mpwa wangu alipokuja kunionyesha gari lake, nilidhani limepata pancha pande zote nne. "La, Mjomba," akaniambia, "nimelishusha." Lilikuwa limejiinamia kama paka awindaye, na haki ya Mungu lilipendeza. Gereji iliyomfungia springi fupi ilimkabidhi funguo jioni ile ile, pasipo kuyatazama magurudumu.

Baada ya miezi miwili tairi za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani hata nyuzi za chuma zikachungulia, ilhali upande wa nje ungali mpya. Mtu akisimama haoni kitu. Na gari hilo ndilo limpelekalo dada yangu Malindi kila mwezi!

Nikamburura kwa fundi mmoja mzee pale Majengo. Magurudumu ya gari lile hushikwa kwa mtindo aliouasisi Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940: shoki imesimama katikati ya springi, chini pana mkono wa chuma, na kando tairodi itokayo kwenye usukani. Mwili ukishuka, mkono na tairodi hubadili mwinamo, kila kimoja kwa njia yake. Gurudumu hulaza kichwa ndani, na uso wake hupinda. Watunzi twalijua hili: ukikata mizani moja, kina hakikai tena mahali pake.

Mpwa wangu aliulaumu ule mlalo, kwa kuwa ndio uonekanao. Fundi akatikisa kichwa. Akaegesha gari mahali tambarare, akasawazisha upepo wa tairi, akafunga usukani ukiwa umenyooka. Kisha akavuta kamba mbili kando ya gari, kimo cha katikati ya magurudumu, akapima kwa rula kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma. Mbele palikuwa pamepanuka milimita 3 kila upande.

Milimita 3 ni nini? Nikapiga hesabu. Kwa rimu ya sentimita 38, kila kilomita moja tairi huburutwa kandokando kama mita 8. Kutoka Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, huwa karibu kilomita nzima ya kusuguliwa lami!

Alianza na mlalo, kwani ukiugusa huo, mwelekeo nao hubadilika. Akalegeza boliti mbili zishikazo shoki na gurudumu, akavuta kichwa nje kadiri matundu yalivyoruhusu. Mlalo kidogo ukabaki, naye hakujali. Ndipo akalegeza nati za tairodi, akazizungusha kulia na kushoto kwa kiasi sawa, usukani usiende upogo. Kila mara akalisukuma gari mbele na nyuma likae, akapima upya. Ilimchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Gari likaacha kuyumba. Tairi mbili mpya alizinunua mpwa wangu mwenyewe. Dada yangu hana habari hadi leo, ila akisoma hapa.