NYOTA ISIYO NA JINA: Kumbukumbu za Vita Mikononi mwa Wajukuu



Katika baadhi ya nyumba zetu kuna kisanduku au bahasha kuukuu ambayo babu au bibi huifungua mara chache sana. Ndani yake mna nishani, picha ya kijana aliyevaa sare, au cheti cha kuachishwa jeshi. Mara nyingi mjukuu mpenda historia ndiye hukabidhiwa vitu hivi. Je, anapokabidhiwa anatakiwa apokee nini zaidi ya chuma na karatasi?

Vingi katika vitu hivyo vinatokana na Vita vya Pili vya Dunia (1939-1945). Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu walizoea kuliita Keya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 ilipita katika bonde la Kabaw, penye matope na malaria, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Wengine hawakufika vitani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo askari wengi wa Afrika Mashariki.

Waliopigana Burma walistahili nishani iitwayo Nyota ya Burma. Ina ncha sita na rangi ya shaba, na utepe wake una wekundu katikati, na buluu na rangi ya chungwa pembeni. Lakini nyota hizi Waingereza walizitoa bila kuchonga jina la mwenyewe. Ukiiokota moja njiani, haikwambii ilikuwa ya nani. Wazee waliopigana wamekwisha karibu wote. Babu na bibi wa leo ni watoto wao, nao ndio wanaojua jina. Wakiondoka bila kusimulia, nyota hubaki chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Nyinyi wanafunzi wa madrasa mnafahamu dawa ya jambo hili. Hadithi haipokelewi bila isnadi: fulani kapokea kwa fulani. Basi na kumbukumbu ya ukoo iwekewe isnadi yake, kwa njia hizi:

1. Muulize mzee kwa adabu, wakati ametulia. Jina kamili la askari, kijiji chake, alikwenda wapi, nani alimkabidhi nani. Asipopenda kusimulia machungu, usimlazimishe.

2. Andika siku hiyo hiyo, kwa maneno yake. Tenganisha alichokiona mwenyewe na alichosikia.

3. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli, bila kukandamiza. Usiibandike kwa gundi.

4. Usiisugue nishani ing'ae, wala usifue utepe wake. Funga kwa kitambaa kikavu, mbali na unyevu.

5. Ukikuta risasi au bomu, usiguse. Waambie wazazi watoe taarifa polisi.

Wazazi nao wakumbuke kwamba kitu cha marehemu ni sehemu ya mirathi, na asikichukue mtu kwa sababu tu anakipenda. Mzee anayetaka mjukuu fulani akipate anaweza kumpa hiba angali hai mbele ya mashahidi, au kumwusia ikiwa mjukuu huyo si mrithi, ndani ya thuluthi. Ni vyema kumuuliza sheikh mapema, ili nyota moja isije ikawagombanisha ndugu.

Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika na watu wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Mengi ya majina hayo hayakuhifadhiwa wakati waliokuwa wakiyajua wako hai. Kalamu mnazo, na wazee wetu bado wapo. Waulizeni likizo hii.

Wabillahi tawfiq.